Kilo Ishirini na Tisa za Sukari

Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa na kilo ishirini na tisa za sukari chini ya kitanda, na mgonjwa wetu alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kwetu ukienda kumwona mgonjwa unabeba sukari na majani ya chai. Kwenda mikono mitupu ni aibu. Kwa hivyo kina mama wa kanisa walitoka Kajiado wanne wanne, wakashuka Kitengela, wakauliza njia mpaka kwa duka la Kafiya lililo mbele ya geti letu, wakanunua sukari hapo, wakavuka barabara, wakampa mama yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniambia niweke chai. Wao walikunywa yenye sukari. Yeye alikunywa yake bila, akisema ni tamu.

Mama anaitwa Soipan. Mimi humwita Yeyo, ndivyo Wamaasai tunavyomwita mama. Alikuwa na ng'ombe thelathini. Ukame ukamwachia wawili. Mwaka uliofuata baba akafariki. Halafu msumari ukamwingia mguu wa kushoto, na kwa vile mguu ulikuwa umeshapoteza hisia, alitembea nao siku tatu bila kujua. Alipokatwa nikamleta kwangu, chumba kimoja, kwa maana mimi hupikia wakata mawe kule timbo na singeweza kuhamia Kajiado.

Kanisani kwao ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Wimbo wa kwetu hauimbwi na mdomo peke yake. Shingo inaenda, mabega yanaenda, shanga zinalia, na mguu unagonga chini ili wengine wajue pa kuingilia. Niliona hiyo kazi imeisha.

Wageni walikuja na nyuso za matanga. Lorna, mwenyekiti wa kina mama, alianza kulia kabla hajakaa. Yeyo akamwambia angoje chai kwanza, kulia na njaa kunaumiza kichwa. Kisha akamuuliza habari za mbuzi, za bomba la maji, na kama yule binti yake ameacha kuimba kama ndama aliyefungiwa. Waliondoka wakicheka, wakishangaa nani alikuja kumfariji nani.

Mimi niliwaangalia nikiwa kwa jiko. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: hiyo furaha ya Yeyo ni ya kweli, au ni ya wageni, kama vikombe vizuri.

Mimi sikuwa nayo. Tangu akatwe sikukanyaga kanisa. Sikugombana na Mungu. Niliacha tu kumsalimia.

Mwezi wa nne kidonda kikatokea mguu wa kulia, karibu na vidole. Daktari akatupa wiki mbili. Kikikauka, sawa. Kisipokauka watakata, na hakusema wataanzia wapi.

Hapo nikarudi kuongea na Mungu, lakini kwa mapatano. Nilikuwa nakoroga maharagwe kule timbo. Nikamwambia, ukimwachia huu mguu, nitarudi kanisani. Usipomwachia, tusisumbuane. Nikaona nimesema vizuri. Kila asubuhi na kila jioni nikawa nasafisha kidonda, nabadilisha bandeji, naangalia kama Mungu amejibu.

Wiki hiyo Kafiya alikataa kuuza sukari. Kafiya ni Mwislamu, na katika watu wote waliompenda mama yangu, yeye ndiye wa kwanza aliyefikiria jambo hilo. Alimwambia Lorna mbele ya wenzake kwamba sukari iko, lakini ya kwenda kwa huyo mama haiuzwi. Lorna alikasirika mpaka alipoelezwa. Wakaingia kwetu wakiwa na mayai na sukuma wiki, hawaangalii mtu usoni. Yeyo akapokea kwa mikono miwili, vile vile kama sukari.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Mvua ilinyesha timbo likajaa maji, tukaachiliwa saa sita mchana. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi kidogo, na Yeyo alikuwa analia. Sio kulia kwa machozi mawili. Alikuwa analia kama mtu aliyepiga simu na anataka kusikika.

Nikasimama nje, mvua ikininyeshea. Nikajiambia, sasa nimejua. Ilikuwa ya wageni.

Halafu akaanza kuongea na Mungu, kwa Kimaasai.

"Baba, huu mguu mwingine naomba uniachie," alisema. "Ukiuchukua bado nitakuimbia. Lakini wimbo wa kwanza nitauimba nikiwa nimekasirika, nakuambia mapema."

Akapenga kamasi. Kisha akaanza wimbo, sauti ya chini, na pale mguu ulipotakiwa kugonga nikasikia gongo lake la kutembelea likigonga sakafu. Ko. Ko. Alikosea mara mbili, akarudia, akapata.

Nilipoingia hakushtuka.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu kulia."

"Basi jifute maji, utashikwa na homa."

Sikujifuta. Nikamuuliza kama hiyo furaha yake huwa ni ya kutuficha.

Aliniangalia kama mtu ameulizwa kama chumvi ina chumvi. "Niliwalilia ng'ombe. Baba yako nilimlilia mpaka majirani wakachoka. Kila nikimaliza, nikiangalia, Yesu bado ako. Sasa nifanye nini, Nasieku? Nijifanye hayuko ndio watu waone nina huzuni ya kutosha?"

Ndipo nikamwambia lile la mapatano. Nilifikiri atafurahi. Akaweka gongo chini.

"Huo mguu ni wangu," alisema. "Usiuweke rehani kwa mambo yako na Mungu. Ukitaka kurudi kanisani, rudi na miguu yako. Uko nayo miwili."

Jumapili ilikuwa siku ya kumi na mbili; kwa daktari tulikuwa turudi Jumanne. Kidonda hakikuwa kimekauka. Nilikiangalia asubuhi nikaona hakuna jibu. Nikavaa. Ojwang, dereva wa lori la mawe, alikuwa anaenda Kajiado, akatupakia sisi na sukari yote. Lorna alipoona paketi akauliza nani amebarikiwa hivyo. Yeyo akamwambia hiyo ni sukari yao, imetembea ikarudi, waiweke kwa chai ya kanisa.

Akaitwa mbele kushuhudia. "Bwana asifiwe," alisema. "Mlinijua nikiwa na ng'ombe thelathini na miguu miwili, na Yesu. Ng'ombe ni wawili sasa. Mguu ni mmoja, na Jumanne nitajua kama ni mmoja. Yesu hajapungua." Halafu hakuongeza kitu. Akaanza wimbo, gongo likagonga, Ko, na kina mama wakajua pa kuingilia.

Mimi nilikaa nyuma. Nilitaka kujichunguza kama nimefurahi. Nilipoangalia chini, mguu wangu ulikuwa umeshaanza, bila kuniuliza. Nikamuuliza Mungu kimoyomoyo kama hii furaha ni kwa sababu ataponya Jumanne. Nikaona sio. Jumanne ilikuwa bado haijafika, na nilikuwa nayo tayari.

Jumanne walikata vidole viwili. Mguu ukabaki.

Alipoamka akaniuliza vingapi, nikamwambia vimebaki vitatu. Akasema vitatu vinatosha kusimamisha mtu. Akalia kidogo. Kisha akaomba gongo. Muuguzi akasema mgonjwa haruhusiwi kutembea. Yeyo akamwambia hataki kutembea, anataka kugonga. Na ule wimbo wa kwanza kweli aliuimba akiwa amekasirika. Mimi ninayemjua nilisikia. Wa pili ulikuwa wa kawaida. Nilimwitikia.

Jioni Lorna akafika na mayai trei moja. Akamsalimia, akakaa, hakulia. Wakati wa kuondoka akaingiza mkono kwa kikapu, akatoa paketi ya kilo moja ya sukari, akanipa mimi.

"Hii sio ya mgonjwa," alisema. "Wewe damu yako iko sawa."

Nikaipokea kwa mikono miwili.