Kambi ya Kocha Owuor

Zipu ya begi ilivutwa kidogo, ikanyamaza, kisha ikavutwa tena. Nilikuwa macho kitandani na nje kulikuwa bado giza. Nilijua ni mjukuu wangu Ketsia, anaweka viatu vyake vya mpira na hataki kuniamsha. Nilimpenda kwa hilo, nikatoka kitandani hata hivyo, nikamtengenezea chai.

"Mama akirudi kutoka kazini, nimwambie uko wapi?" nilimuuliza.

"Mwambie niko mazoezini, Bibi. Si kambini." Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ila neno kambi alilisema kwa Kiswahili.

Ulikuwa mwezi wa kwanza, mwaka wa pili wa korona, na huku ugenini tulikohamia, Rooty Hill, joto lilikuwa kali hata watu wakawa wanacheza mpira kabla jua halijatoka. Kocha Owuor, Mkenya wa Kisumu, alikuwa akifundisha timu ya wasichana ya chuo kimoja upande wa St Marys. Usiku alisafisha ofisi mjini. Asubuhi alishuka treni na kwenda moja kwa moja uwanjani, akapanga alama zake, akafuta kila mpira kwa dawa. Ketsia alisema hakuna siku aliyomtangulia kufika.

Chuo kilikuwa na nafasi chache za kusoma bila ada kwa wachezaji wapya. Ketsia alikuwa amemaliza shule, na njia nyingine ya kuingia chuoni hatukuwa nayo. Kocha alitaka kuwakusanya wasichana siku mbili ili achague. Basi siku chache kabla ya asubuhi ile alikuwa amewatumia wazazi ujumbe wa sauti kwenye simu. Ulisema hivi: "Wazazi, Jumamosi nitawachukua watoto wenu, nawapeleka kambini. Watalala huko na watapimwa. Kwa sababu ya korona, wazazi hawaruhusiwi kuingia."

Kwa Wakenya ulikuwa ujumbe mzuri tu. Sisi Wakongo tuliusikia vingine. Kufikia jioni simu zilikuwa hazipoi. Rafiki yetu wa kanisani, Verdiane, aliamini watoto wanakwenda kufungiwa pamoja na wagonjwa. Mtu mwingine akapiga simu chuoni kulalamika, na chuo kikamwambia kocha kwamba wazazi wasipokubali kufikia Ijumaa, hakuna kambi, na nafasi zile mwaka huu hazitolewi.

Kwa hiyo alianza kupita nyumba hadi nyumba. Kwetu alifika asubuhi ile ya zipu, amemsindikiza Ketsia kutoka mazoezini. Alisimama nje ya geti, barakoa usoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimpelekea kiti na maji. Hakuketi, maana binti yangu Chibalonza alikuwa anashuka kwenye gari, ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Weye ndiye wa kambi?" alimuuliza.

"Ndiye mimi, mama. Habari ya kazi?"

"Miguu inauma. Na mtoto wangu haendi kambini. Nilimzalia kambini. Inatosha."

Owuor alitazama chini. "Mama, hii si ile. Ni kambi ya timu tu. Kwetu timu ikiwa na mechi kubwa inaingia kambi. Mnalala pamoja, mnakula chapati, mnasumbuana."

"Kwetu unaingia kambi ukikimbia risasi. Na hizo chapati hatukuziona."

Nimewaona watu wengi wenye haraka ya kueleza kwamba hawakuwa na nia mbaya. Huyu hakueleza. Alivua kofia.

"Pole, mama," alisema. "Sikujua hilo neno linawafikia hivyo."

"Ungejua vipi? Nyinyi Wakenya mnajua kila kitu kabla ya kuuliza."

Nilimsikia kocha akicheka ndani ya barakoa. Chibalonza akatoa simu yake. "Bon. Sikiliza ulichotutumia." Akaucheza ujumbe, akausimamisha. "Nitawachukua watoto wenu. Anayechukua watoto wa watu ni nani?" Akaucheza tena. "Watapimwa. Watapimwa nini?"

"Mbio, mama."

"Na wazazi hawaruhusiwi kuingia."

Mimi ndiye niliyecheka kwanza, halafu Ketsia. Kocha alijishika kichwa. "Aki, hata mimi singempeleka mtoto wangu."

"Basi rudia. Na usiseme kambi."

"Niseme nini?"

"Sema mazoezi. Mazoezi hayajamtisha mtu."

Aliketi kwenye kile kiti, akainua simu yake mdomoni. "Wazazi wapendwa, Jumamosi tuna mazoezi ya siku mbili. Watoto watalala—"

"Hawalali huko," alisema Chibalonza. "Wanalala kwao."

"Mama, wengine hawana gari. Nitawafikishaje siku ya pili?"

Chibalonza alikunja mikono. Alimngoja. Niliona jinsi kocha anavyohesabu ule usingizi mdogo aliokuwa nao, na jinsi anavyouacha.

"Sawa," alisema. "Nitawarudisha jioni kwa basi dogo la chuo, na asubuhi nitawafuata tena. Na mzazi anayetaka, akae nje ya uzio, tuachiane nafasi, atazame mwanzo hadi mwisho."

"Sasa sema hivyo."

Alisema hivyo, mara tatu, maana Chibalonza alimsahihisha kila mara. Mwishowe binti yangu alichoka. "Lete hiyo simu." Akazungumza yeye, kwa Kiswahili cha kwetu. "Mimi ni Mama Ketsia. Huyu kocha nimemuona kwa macho. Hakuna kambi. Ni mpira. Ketsia wangu anakwenda, na mimi nitakuwa palepale kando."

Ketsia alikuwa amegeukia ukuta wa jirani. Sikumwita. Kuna wakati mtu anahitaji ukuta.

Jumamosi akina mama walijaa nje ya uzio na viti vyao vya kukunja, kila mmoja mbali na mwenzake, wakipigiana kelele. Verdiane alileta maandazi, akampa kocha la kwanza. Kocha alikuja kuchukua watoto kabla ya jua, akawa wa mwisho kurudi nyumbani, na siku ya pili sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Alifundisha kwa mikono. Ketsia alianguka, akainuka, akaomba mpira.

Baada ya juma moja kocha alikuja mwenyewe getini. "Habari kama hizi sitaki tena kuzituma kwa simu," alisema. Ketsia alikuwa amechaguliwa. Chibalonza aliketi kwenye ngazi, akimshika mtoto wake kifundo cha mguu.

Nilimuuliza kocha anatoka wapi, maana jasho lilikuwa limemlowesha. Alikuwa ametoka kwa Verdiane. Binti wa Verdiane hakuchaguliwa, na huko ndiko alikokwenda kwanza, akamwomba ajaribu tena mwakani.

Chibalonza alisikia. Aliinuka, akafungua geti wazi kabisa. Kocha alikuwa na zamu na treni haingojei, kwa hiyo hakuingia.

"Kocha," Chibalonza alimwita alipofika barabarani. "Uje tena. Uje siku ambayo huna habari yoyote, ukae tu na sisi."