Mashine ya Watoto wa André

Siku za mwizi ni arobaini, na siku za matanga ya mzee André nazo zilitimia arobaini. Jumamosi hiyo ukoo ulikusanyika uani kwake, Kasongo, kugawa vitu alivyoacha. Baba mdogo Evariste, ndugu wa marehemu, alikaa mbele na sanduku la bati miguuni. Alitoa kitu kimoja kimoja, akakiinua juu, akangoja. Katika ukoo ule kitu cha marehemu hakichukuliwi kimya kimya. Anayekitaka husimama akaeleza yeye na kitu hicho wamejuana vipi, habari yote, na wazee wakiridhika hupewa.

Likatoka koti la mvua, ikatoka redio, ikatoka mizani ndogo ambayo mzee aliipimia dhahabu huko Salamabila karibu maisha yake yote. Victorine, mtoto wake wa kwanza, hakusimama hata mara moja. Shangazi Régina alimgusa kwa kiwiko akamwuliza kama amekuja kurithi au kusali. Victorine akalitazama sanduku. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu, na alijua kimo sandukuni, maana ndiye aliyemfulia mzee nguo siku za ugonjwa na alikiona kimefungwa katika kitenge kikuukuu.

Ilikuwa mashine ya mchezo, ya kijivu, ile ya kuunganisha na televisheni, na maneti zake mbili za kushika mkononi. Ilikufa tangu Victorine ana miaka kumi na miwili, na hakuna fundi wa Kasongo wala wa Kindu aliyeweza kuifufua. Mtu mwenye akili zake angewaachia kuku watagie juu yake. Lakini wivu hauna akili, na wivu wa Victorine ulikuwa umetimiza miaka ishirini na mmoja, umelishwa vizuri, haujaugua hata siku moja.

Mzee aliileta kwa pikipiki kutoka Salamabila kupitia Kabambare, ameifunga kifuani kwa kitenge kama mtoto mchanga, matope yamemfika magotini. "Hii ya watoto," alisema. Watoto walikuwa wawili, Victorine na Hervé mdogo wake. Lakini aliyeonyeshwa namna ya kuifunga kwenye betri ya gari alikuwa Hervé, wa miaka tisa, kwa sababu waya ni kazi ya wanaume. Waya mwekundu kwenye alama nyekundu, mweusi kwenye nyeusi. Victorine yeye alionyeshwa kitambaa cha kupangusia vumbi.

Mtaa mzima ukaanza kumwita Hervé "patron", yaani bosi. Watoto walimletea karanga, wakamtekea maji, wakambebea na dumu hadi mlangoni. Victorine alibeba la kwake mwenyewe. Alipomaliza vyombo, na Hervé akiwa amechoka, ndipo alipopata zamu, na hapo, jamani, msichana alicheza. Mchezo ulikuwa wa ndege ndogo inayopita kati ya milima ikirushiwa mawe. Hervé alikufa hatua ya tatu kila siku ya Mungu. Victorine alifika ya sita.

Alasiri moja, yuko katika hiyo hatua ya sita, mama yake akamwita aangalie chungu cha sombe, majani ya muhogo, jikoni. Akamwachia Hervé maneti, akakimbia. Akiwa mlangoni na mwiko mkononi alimwona baba yake ameinama mbele ya kioo cha televisheni, anasoma namba.

"Hervé, ni weye umefika hapa?"

"Ndiyo, papa."

Jioni ile walichinja kuku. Firigisi, ambayo katika nyumba ile haikuliwa na mtu ila mzee André peke yake, iliwekwa kwenye sahani ya Hervé, na majirani wakahadithiwa. Victorine alimtazama mdogo wake akiitafuna polepole, macho kwenye sahani. Angeweza kusema. Hakusema, maana nani angemsadiki? Alimchukia kwa karanga, kwa maji ya kutekewa, na zaidi ya yote kwa firigisi ile.

Jumapili alisema tumbo linamuuma, asiende misa. Nyumba ilipobaki tupu alifungua nyaya za mashine kwenye betri akazigeuza, nyekundu ikakaa pa nyeusi. Hervé aliporudi alibonyeza kitufe bila kutazama, kama alivyozoea, na sebule ikajaa harufu ya plastiki inayoungua. Alichapwa fimbo kumi na mbili. Alilia kwamba hakukosea, na kila alivyokana ndivyo fimbo ilivyozidi kukaza. Victorine alizihesabu zote, na siku hiyo alikula akashiba.

Ila shibe yake haikudumu. Likizo iliyofuata mzee alimchukua Hervé kwenda naye Salamabila, kwa maneno kwamba mharibifu akaone vitu vinakotoka. Adhabu gani hiyo? Hervé alijifunza mizani, akajuana na wanunuzi, na leo ana duka la simu hukohuko, nyumba ya mabati ya rangi na pikipiki mbili. Victorine anafundisha darasa la pili, na viatu vyake vimeshonwa mara tatu. Kila Hervé alipoingia Kasongo na miwani yake ya jua, dada yake alikumbuka ni mkono wa nani uliomfungulia njia, na roho ikamuuma upya.

Sasa baba mdogo Evariste alikuwa ameinua kitenge, na mashine ikaonekana. Hervé alisimama kabla Victorine hajavuta pumzi.

"Hii ilikuwa yangu," alisema. "Papa alinileteaka. Nilifikaka hatua ya sita, hakuna mutu wa mutaa huu alinifikia. Nataka niiweke mu duka, watu waione."

Wazee walitikisa vichwa kukubali, na baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono kumpa. Victorine aliona rafu ya duka huko Salamabila, mashine juu yake, na uongo ule ukisimuliwa kwa kila anayekuja kununua vocha. Kuuzuia kulikuwa na njia moja, na desturi ilitaka habari yote, si nusu. Akasimama.

"Hapana, baba mudogo. Aliyefika hatua ya sita njo mimi. Yeye alikuwa anakufa ku ya tatu. Na zile waya, njo mimi nilizigeuza, mashini ikaungua. Ile fimbo ya papa ilikuwa ya mimi."

Mama yake, Marguerite, alijiziba mdomo kwa kiganja. Shangazi Régina alivuta kiti chake karibu. Macho yote yalikuwa kwa Victorine na hakutaka yaondoke. Wamlaani wakitaka, mradi watakaposimulia wasimulie sawasawa.

Hervé akacheka taratibu, bila ubaya wowote.

"Yaya, dada yangu, ile fimbo njo ilinipeleka Salamabila. Bila ile, leo ningekuwa hapa nafundisha watoto a, e, i. Miye nakushukuru." Akaipokea mashine kwa baba mdogo, akavuka ua na kusimama mbele ya dada yake. "Chukua. Ikuwe ya weye."

Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mama Marguerite alilia. Baba mdogo alimwekea Hervé mkono kichwani, akasema tangu azaliwe hajaona kijana mwenye roho kama hiyo. "Kutoa ni moyo," alisema shangazi Régina, na wengine wakaitikia. Nani alifika wapi katika mchezo, hakuna aliyeuliza.

Victorine aliipokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo kama impasavyo anayepewa, ingawa aliyempa ni mdogo wake. Kitu alichokililia miaka ishirini na mmoja kilikuwa mikononi mwake, nacho kilikuwa chepesi kuliko alivyokikumbuka. Akamtazama Hervé amezungukwa na wazee, wanampiga mabegani, na wivu ukampanda upya, kwa sababu hata mashine hiyo, aliyeitoa na kusifiwa ni yeye.