Koti Lililotumwa Bokoli

Jumamosi ya kwanza walimpiga Kimaiyo.

Walimpiga mchana, katikati ya ploti, mbele ya bomba la maji. Gathii alitumia mpini wa jembe. Mkewe, Wangu, alitumia ufuniko wa sufuria, mtoto wake mchanga akiwa amefungwa mgongoni. Mukhwana aliishika miguu. Kimaiyo alipoteza meno mawili na hakulia. Alijua kosa lake.

Ploti hiyo ilikuwa Tuwani, mjini Kitale. Ilikuwa na vyumba vinane, choo kimoja na geti moja la mabati. Wapangaji wake wote walikuwa vibarua wa ghala moja la mahindi. Walibeba magunia, walianika nafaka, walishona midomo ya magunia. Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2020, watano kati yao walipatikana na korona, na ploti nzima ikaamriwa ikae ndani siku kumi na nne. Makanisa na wafanyabiashara wa mji walikuwa wameanzisha hazina ya kuwasaidia watu wa namna hiyo. Hazina ingemtumia kila kibarua pesa kwa simu siku ya Jumamosi, badala ya mshahara aliokosa.

Sharti lilikuwa moja. Joan, mhudumu wa afya wa mtaa, angesimama nje ya geti saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni na kuita majina. Jina moja likikosa kuitikiwa, ploti nzima ingekosa pesa za wiki hiyo. Aliyeandika sharti hilo hakuwahi kuishi katika ploti.

Ijumaa Kimaiyo aliruka ukuta akaenda Kwanza, kituo kidogo nje ya mji, alikosikia kuna lori la kupakia. Alichelewa kurudi. Jumamosi hakuna simu iliyolia katika vyumba vinane. Wangu, aliyekuwa akinyonyesha, alikula ugali na chumvi siku hiyo, na Jumapili vilevile. Kila mtu sasa alikuwa akingoja Jumamosi ya pili.

Jumapili hiyo Mukhwana alipigiwa simu na mdogo wake, Wamalwa, aliyeuza vipuri vya baiskeli mjini Bungoma.

"Baba ametuacha," Wamalwa alisema. "Ni kiharusi. Kuja leo."

"Siwezi. Tumefungiwa."

"Na nani? Polisi wako kwa geti?"

"Hapana."

"Sasa ni nani amekufungia, bana?"

Mukhwana alimtazama Kimaiyo, aliyeketi mlangoni pake akijifuta mdomo kwa kitambaa.

"Majirani," alijibu.

Katika ukoo wao, nyumbani Bokoli, kaburi halikuchimbwa kabla ya mtoto wa kwanza wa marehemu kupiga jembe la kwanza. Vijana wangeketi na majembe yao hata wiki nzima, wakimngoja. Mukhwana ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Lakini mwaka huo wa korona haukuruhusu kungoja. Chifu alikuwa ametoa muda hadi Alhamisi saa nne asubuhi. Baada ya hapo maafisa wa afya wangekuja kumzika baba yao, Mzee Mukhisa, wenyewe.

Mukhwana alikuwa mmoja wa wale watano wenye korona, na bado alikuwa anakohoa. Mama yake, Nabwile, alikuwa na kifua kibovu tangu zamani. Kwa hiyo hata kama geti lingekuwa wazi, hakujua angewezaje kuingia katika nyumba ile. Alimweleza Joan jioni hiyo.

"Pole sana, ndugu yangu," Joan alisema. "Lakini ukitoka siwezi kuandika kwamba uko."

Gathii alisikia kila neno. Baada ya majina kuitwa, alisogeza stuli hadi getini na kukaa, mpini wa jembe magotini.

"Pole kwa msiba," alimwambia Mukhwana. "Na nakuambia na roho safi. Ukigusa hili geti, nitakuvunja mguu."

"Najua."

"Si chuki."

"Najua, Gathii. Si ni mimi nilimshika Kimaiyo miguu?"

Mukhwana alifikiri usiku kucha, na asubuhi akapata wazo. Alilitoa koti lake la kijivu, lile alilovaa kanisani, akalifua kwa sabuni ya kipande na kulianika juani siku nzima. Jumanne alilipitisha juu ya geti kwa dereva aliyesafirisha vifurushi hadi Webuye, mji ulio karibu na Bokoli. Kisha akampigia dada yake, Lenah.

"Mvalishe kijana yeyote wa ukoo," alisema. "Akipiga jembe na koti langu, itakuwa ni mimi nimepiga."

"Nani amekuambia inafanywa hivyo?"

"Hakuna. Nimefikiria tu."

"Wewe ulitoka nyumbani zamani sana," Lenah alisema.

Alikuwa ametoka nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita, na alikuwa amesahau jambo moja. Kwa watu wa kwao, nguo haikuja matangani bila mwenyewe isipokuwa kama mwenyewe amekufa na mwili wake haukupatikana. Nguo hiyo ndiyo iliyozikwa badala yake. Wazee walipoliona koti mikononi mwa Lenah, waliinuka wote kwenye viti. Nabwile alipiga mayowe akaanguka. Mmoja alisema Mukhwana anaomba azikwe pamoja na baba yake. Mwingine alisema hapana, amewatumia ugonjwa. Koti liliinuliwa kwa fimbo na kuchomwa kwa mafuta ya taa nyuma ya zizi. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamefika Bungoma, na yalikuwa yamekua njiani: Mukhwana alilipwa ili baba yake afe, na sasa analipwa ili asimzike.

Jumatano saa kumi alasiri gari dogo jeupe lilisimama nje ya ploti. Ndani mlikuwa na Wamalwa na binamu zake watatu. Wamalwa alishuka akiwa na panga.

"Mukhwana! Toka!"

"Hapa hakuna mtu anatoka," Gathii alijibu kutoka ndani. "Rudini kwenu."

"Wewe ni nani?"

"Jirani."

"Jirani wa wapi? Unaongea kama mtu wa Nyeri, na unatufungia mtoto wetu?"

"Nimezaliwa hapa Kwanza. Hata hiyo Nyeri sijui barabara yake."

"Basi leo utaijua."

Binamu mmoja alilirudisha gari nyuma kwa kasi. Geti lilijikunja na kumwangukia Gathii. Alijitoa chini ya mabati, akainua mpini, akampiga binamu wa kwanza shingoni. Binamu huyo alikaa chini kama mtu aliyechoka. Wamalwa alishusha panga. Gathii alikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikadondoka kwenye tope la bomba.

Jiwe la kwanza lilirushwa na Kimaiyo. Lilivunja kioo cha gari. La pili lilimpasua binamu wa pili juu ya jicho. Wangu alitoka jikoni na sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya ugali, akamwagia binamu wa tatu kifuani. Mlio wake ulisikika hadi barabarani. Watu wa ploti za jirani walikuja hadi ukutani, wakatazama, hawakuingia. Waliogopa korona kuliko panga.

Wamalwa aliupiga teke mlango wa Mukhwana, ukafunguka. Mukhwana alikuwa amesimama kitandani.

"Usiniguse," alisema. "Nina ugonjwa. Utaupeleka kwa mama."

"Mama amelala chini tangu jana! Umemtumia nguo ya maiti!"

"Koti nilifua..."

"Kaburi halijachimbwa! Unajua watu wanasema nini? Ati nimekula hizo pesa na wewe!"

Alimshika shati, akamwangusha, akamburuta. Mlangoni, palipotundikwa nguo za kazi, Mukhwana alinyoosha mkono na kushika kitu cha kwanza alichokipata. Kilikuwa kulabu yake ya chuma, ile ambayo mbeba magunia huikita katika gunia ili alivute.

Walifika kwenye nafasi ya geti. Hapo Kimaiyo alimrukia Mukhwana na kuishika miguu yake. Wangu akashika mguu mmoja. Gathii, damu ikimtiririka hadi kiwikoni, akamshika kiuno. Nje, Wamalwa na binamu mwenye jicho lililopasuka walivuta mikono. Mukhwana alisikia bega lake likilia.

"Mwachilie!" Wangu alipiga kelele. "Tutakula nini? Niambie, tutakula nini!"

"Kuleni maiti yenu!" Wamalwa alijibu.

Mkono wa kulia wa Mukhwana uliteleza ukawa huru, na kulabu ilikuwa bado mkononi. Hakuwaza. Aliikita katika mkono wa mdogo wake, chini ya kiwiko, kama anavyokita gunia la kilo tisini, akavuta. Mkono ulifunguka hadi karibu na kifundo. Wamalwa alianguka ndani ya ploti, juu ya kaka yake, na panga likabaki nje. Gathii alimpiga mpini mara tatu mgongoni. Mara ya nne Mukhwana alijipindua kutoka chini, akalaza mwili wake juu ya Wamalwa, na pigo likampata yeye.

Binamu waliingia garini wakaondoka. Hawakumngoja mwenzao.

Saa kumi na mbili Joan alifika. Alilitazama geti lililokunjika na damu iliyotapakaa, akaziba mdomo juu ya barakoa. Kisha akafungua daftari, kwa sababu walikuwa wamejipanga wote na walikuwa wakimngoja afungue. Aliita majina. Kila jina liliitikiwa. Gathii aliitikia akiwa amefunga mkono kwa leso ya mtoto.

"Na huyu ni nani?"

"Mdogo wangu," Mukhwana alisema.

"Mmegusana?"

Kimaiyo alicheka, akashika mdomo wake uliouma.

"Basi hatoki," Joan alisema. "Siku kumi na nne kuanzia leo."

Muuguzi aliletwa. Aliwashona Gathii na Wamalwa kwenye benchi moja, akasema Gathii anapaswa kwenda hospitali mara moja. Gathii alikataa.

"Jumamosi," alisema. "Nikienda leo, kesho asubuhi nani ataitikia jina langu?"

Wamalwa alilazwa katika chumba cha Mukhwana. Mukhwana alilala barazani.

Alhamisi saa tano Lenah alipiga simu. Mukhwana aliiweka dirishani ili mdogo wake asikie.

"Maafisa walikuja," Lenah alisema. "Vijana walikataa kuchimba. Nikachukua jembe, nikapiga mimi."

"Wewe?" Wamalwa aliuliza kutoka kitandani.

"Kulikuwa na nani mwingine?"

"Wazee wamesema nini?"

"Wameenda. Wengine wametema mate. Baba amelala, hiyo ndiyo maneno. Mama hataki kuongea na nyinyi. Wote wawili." Akakata simu.

Jumamosi, baada ya majina ya asubuhi, simu zililia moja baada ya nyingine. Wangu alilia. Joan alitangaza kwamba siku kumi na nne za ploti zimekwisha, na Gathii aliondoka kwa miguu kwenda hospitali, mkono ukinuka. Waliobaki walikwenda dukani.

Wamalwa hakuwa katika orodha. Hakuwa kibarua wa ghala, na hazina haikumjua. Mukhwana alirudi na unga, mayai na sabuni. Alipika, akaiweka sahani kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu.

Wamalwa aliitazama.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nikitoka, nakuua."

"Sawa."

"Sifanyi mzaha, Mukhwana. Ulinikita kama gunia."

"Nimesikia. Nyoosha huo mkono, kidonda kioshwe."

Wamalwa hakuunyoosha. Mukhwana alichota maji ya vuguvugu, akayatia chumvi, akayaacha karibu na sahani. Kisha akaketi barazani, ukutani, mahali ambapo wangeweza kusikiana wakikohoa. Kufikia saa sita mchana walikuwa wakikohoa wote wawili.