Miguu ya Golnesa

Mke wangu Golnesa alikuwa na maradhi mawili ambayo hayakuelewana. Ya kwanza yalikuwa baridi yabisi ya magoti na vidole, aliyokaa nayo miaka kumi na moja. Ya pili hayakuwa na jina. Kila alipojinyoosha usiku, kitu kilianza kumsumbua chini ya magoti, ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Hakusema ni maumivu. Alisema ni kama mtu anavuta uzi ndani ya mfupa, anauachia, kisha anauvuta tena. Akisimama na kutembea, unaacha. Akilala, unarudi. Na akibahatika kusinzia, miguu ilirusha mateke yenyewe bila yeye kujua.

Magoti yalitaka moto na utulivu. Miguu ilitaka baridi na mwendo.

Daktari wa mjini alimpa vidonge vya magoti. Kuhusu hilo jingine alisema, "Mama, hiyo ni mishipa tu. Punguza mawazo." Tulipokuwa njiani kurudi, yeye juu ya nyumbu na mimi nimeshika kamba, Golnesa aliniuliza, "Haya, nianze na wazo gani? Wewe?"

Huku kwetu milimani, theluji ikishaanguka, nyumba nzima hulala kuzunguka kursi. Ni meza fupi, chini yake seredani ya makaa, juu yake mfarishi mkubwa, na kila mtu huingiza miguu kwa upande wake. Golnesa aliota moto pale mpaka tulipozima taa, kisha akajifunga shali na kutoka barazani, akatembea huko mpaka jogoo awike. Nilizoea kulala nikisikia hatua zake.

Majira ya baridi yale, binti yetu Effat alikuja kujifungulia kwetu. Mume wake alikuwa kwenye kazi za ujenzi Tehrani. Kwa desturi, mzazi haachwi peke yake siku kumi za mwanzo, kwa kumhofia Aal, jini mke anayeiba ini la mzazi. Mama yake hulala karibu naye na hatoki usiku. Siku ya kumi, huyo mama ndiye anayembeba mtoto hadi hamamu, bafu la kijiji, mbele ya wanawake wote. Mtoto wa kwanza wa Effat alizaliwa kwa mkwewe, Bi Turan, kijiji cha chini, kwa sababu mwaka ule Golnesa hakuweza kusimama. Bi Turan ndiye aliyembeba. Miaka minne ilikuwa imepita na bado alikuwa anasimulia.

Kwa hiyo Golnesa alizitaka siku kumi hizi. Sijui kama aliwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu namna ile.

Usiku wa kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, Effat alipotoka na mkunga kwenda kunawa, Golnesa aliniita kwa sauti ya chini.

"Baba Effat, wewe unajua kumfunga nyumbu asijiumize. Nifunge."

"Nikufunge nini?"

"Miguu. Nikipiga ile seredani nikiwa usingizini, nitamuunguza mwanangu."

"Lala miguu ikiwa nje ya mfarishi."

"Nimejaribu. Asubuhi magoti yanakuwa kama mawe, sitaweza hata kumpa maji. Na Bi Turan anasubiri hilo tu."

Kazi yangu ni kushona matandiko ya nyumbu na punda. Nilikata mkanda wa ngozi, nikaubandika manyoya kwa ndani kama nifanyavyo kwa mnyama mwenye kidonda. Ulifunga vifundo vya miguu pamoja, kisha ukapanda hadi kiunoni. Niliufanya mfupi, ili miguu isinyooke ikafikia makaa. Effat hatukumwambia.

Kisha nililala upande wangu nikisikiliza. Ngozi ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Golnesa aliuma ncha ya mfarishi. Effat akiuliza gizani, "Mama, uko macho?" alijibiwa, "Nakuangalia, lala."

Alfajiri nilimfungua na kumnyoosha magoti polepole, kwa kitambaa cha moto, kabla binti hajaamka. Yalichukua muda mrefu kukubali.

Bi Turan alikuja kila siku na sufuria ya uji wa mafuta.

"Mkwe, mbona macho mekundu? Umelala, au umelinda ghala la serikali?"

"Nimelala kama jiwe."

"Mawe ya huku juu yanapiga miayo?"

Effat alicheka, akashika tumbo. "Jamani, msinichekeshe, naumia."

"Kwangu chumba ni kikubwa," Bi Turan akasema, "na miguu yangu mimi inajua kazi ya usiku ni kulala."

"Zimebaki siku saba, mkwe," Golnesa akamjibu. "Ya kumi utakuja kula halua kama mgeni, tutakukaribisha vizuri."

Niliwaangalia wote wawili na sikuona mbaya kati yao. Kila mmoja alimpenda Effat kwa namna aliyoijua.

Usiku wa sita nilipomfunga, nilihisi unyevu kwenye manyoya. Ngozi ya vifundo ilikuwa imechubuka, na goti la kushoto limevimba ukubwa wa kitunguu kikubwa.

"Kaza," akanong'ona. "Jana ulikuwa na nafasi."

Nilishika ulimi wa mkanda. Nikaurudisha nyuma matundu mawili.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

Baada ya muda nilisikia pumzi yake ikibadilika, ikawa ndefu na nzito. Sikumbuki ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu niisikie. Nilifurahi. Nami nikalala.

Harufu ya pamba inayoungua ndiyo iliyoniamsha, kisha ukelele wa Effat. Seredani ilikuwa imepinduka upande wake na makaa yamemwangukia kwenye shavu la mguu. Niliuvuta mfarishi kwa mikono, nikaipindua meza, nikamwaga ndoo nzima ya maji. Mtoto alikuwa juu ya mto kifuani mwa mama yake, hakuguswa na kitu. Nilipoinua taa nilimwona Golnesa akijikokota kwa viwiko kumwendea binti, kwa sababu hakuweza kusimama.

Effat aliacha kulia. Aliutazama ule mkanda.

"Mama, nani amekufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe," Golnesa akasema. "Nionyeshe mguu."

Asubuhi Bi Turan alikuja na nyumbu na mablanketi manne. Alikuwa ameshaambiwa, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amelia. Hakufanya mzaha wowote.

"Mkwe, ungeniambia tu," alisema. "Tungelala wote watatu."

Golnesa alimfunika mtoto uso, akamkabidhi. Effat alimbusu mama yake mkono na kusema anajua hakukusudia. Kisha akapandishwa juu ya nyumbu, mguu umefungwa kitambaa chenye mafuta, na wakashuka kwenye theluji taratibu.

Siku ya kumi wanawake wa kijiji cha chini walikwenda hamamu. Sisi hatukutoka. Usiku ule Golnesa alikuwa barazani kama zamani, anatembea, anashika nguzo, anageuka. Magoti yalikuwa bado yamevimba na alivuta mguu mmoja. Nilimfuata nje. Nilikuwa nimelibeba jambo lile siku nne na sikuona njia ya kulisema vizuri, nikalisema lilivyo.

"Usiku ule sikukaza. Nililegeza matundu mawili."

Alipita mbele yangu, akafika mwisho wa baraza, akarudi.

"Najua. Nilihisi ulipotoa mkono."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema moyoni, saa moja tu. Nilale saa moja, kisha nimwamshe akaze." Alisimama, lakini mguu haukumwachia kusimama, akaanza tena kutembea. Alisema akiwa amenipa mgongo:

"Na nililala vizuri, Baba Effat. Hilo ndilo siwezi kumwambia mwanangu."