Upanga wa Baba yake Ottilia

Kwa miaka thelathini na moja Ottilia Dörig aliung'arisha upanga ambao hakuruhusiwa kuuvaa. Ulikuwa wa marehemu baba yake, mzee aliyejaliwa mabinti wawili na asipate mtoto wa kiume hata mmoja, na pale Appenzell, jimbo la milimani huko Uswisi, upanga usio na mwanamume ni chuma tu. Basi ukamwangukia mkwe. Alfons, mumewe Ottilia, aliingia katika nyumba ile na sanduku moja la nguo na mdomo mkubwa. Shamba alilikuta, ng'ombe aliwakuta, na upanga akaukuta umening'inia msumarini.

Kila Jumapili ya mwisho ya Aprili, baada ya misa, wanaume wa jimbo walikusanyika uwanjani, ndani ya kamba, kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Upanga kiunoni ndio uliokuwa kibali. Mwenye upanga aliingia, hata kama alikuwa mlevi wa kutupwa asiyejua analoulizwa. Wanawake walibaki nje ya kamba pamoja na watoto na watalii.

Mwaka wa tisini wanaume hao waliulizwa kwa mara ya tatu kama wake zao nao wapige kura. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo Ottilia alikuwa jikoni na kitambaa na majivu, anausugua ule upanga.

"Baba," alisema, maana ndivyo walivyoitana tangu wapate watoto, "kesho utanyoosha kwa ndiyo?"

"Mama, si nimeshakwambia? Nitanyoosha mpaka kwapa lionekane."

"Niangalie usoni ndipo useme."

"Haki ya Mungu, Mama! Unataka niape mara ngapi?"

Kesho yake Ottilia alisimama dirishani kwa dada yake Philomena, ghorofani juu ya duka la mikate, ambako uwanja wote ulionekana. Swali likasomwa. Walioitikia ndiyo wakanyoosha, na Alfons mikono yake ilikuwa imetulia tumboni kama ya mtu aliyeshiba. Wakaulizwa wa hapana. Hapo mikono ikapaa uwanja mzima, na mmoja ulitangulia mingine yote. Ulikuwa na vidole vinne. Cha tano kililiwa na mashine ya kukatia nyasi, na ni Ottilia aliyelifunga jeraha lile.

"Yule si shemeji?" Philomena aliuliza.

"Ndiye."

"Labda amekosea. Labda hakusikia swali."

"Hajakosea, dada. Aliyekosea ni mimi, mwaka wa hamsini na tisa."

Jioni Alfons alirudi amechangamka, akaketi mezani, akajipakulia soseji.

"Nimenyoosha, Mama. Kwa ajili yako. Ila wenzangu wale vichwa vigumu, tumeshindwa tu."

Ottilia alimwangalia anavyotafuna. Angesema kwamba aliogopa kuchekwa na rafiki yake Remigi na wale wenzake wengine wa baa, angalau angekuwa na mtu wa kugombana naye. Huyu alikuwa suruali tupu iliyokalia kiti. Paa lililokuwa juu ya kichwa chake lilitokana na leso alizotarizi Ottilia mpaka macho yakafifia, na maziwa ya malisho ya juu alikuwa akiyashusha yeye mgongoni, kwa njia ya mawe, wakati bwana mwenye upanga akijadili mustakabali wa jimbo mbele ya bia. Akamwongezea soseji nyingine, na jambo lile akaliweka moyoni mwaka mzima.

Novemba majaji wa shirikisho kule Lausanne waliamua kwamba hata mwanamke wa Appenzell ni raia. Alfons alitukana wiki nzima, akisahau kabisa kwamba yeye alikuwa upande wa ndiyo.

Majira ya kuchipua zikafika kadi mbili za kura, ya mke na ya mume, maana asiye na upanga aliingia kwa kadi. Ya kwake Alfons aliitupa kwenye jiko la kuni bila kuisoma, kama alivyofanya kila mwaka.

"Karatasi ni za wanawake," alisema. "Kadi ya mwanamume iko kiunoni."

"Sawa, Baba," Ottilia alijibu. Ya kwake akaiweka ndani ya kitabu cha sala.

Mwaka huo Alfons alikuwa na haja yake. Kura mojawapo ilihusu fedha za barabara ya kupanda malisho ya juu. Aliipigania miaka sita, na kwa kuiamini sana alikwisha nunua gari la kupandia milima, limekaa bandani linasubiri barabara. Aliwahesabu watu wake usiku na mchana. Wa ndiyo wangewazidi wa hapana kwa kura mbili tatu tu, alisema, na sasa afadhali hata mke ana mkono wa kunyoosha.

Jumapili ile aliamka akaukuta msumari mtupu. Alipekua vyumba, akapekua banda, akatoka mbio hadi uwanjani shati likimchomoka. Ottilia alikuwa penye kamba, foleni ya kuingia, na kitu kirefu kimefungwa kitambaani chini ya kwapa.

"Mama! Upanga wangu!"

"Upanga wa baba yangu," alisema Ottilia. "Nimeuleta uone uwanja na mtu wa damu yake."

Alimwonyesha kadi Remigi, aliyekuwa mlinzi wa mlango mwaka huo, akapita. Alfons akataka kumfuata. Remigi akamwekea mkono kifuani.

"Upanga?"

"Si unauona anao mke wangu!"

"Basi kadi."

"Niliichoma. Remigi, acha utoto, tumebatizwa siku moja!"

"Nakujua tangu huo ubatizo, Alfons. Lakini utaratibu ni utaratibu. Rudi nyuma, unawaziba watalii."

Watu walicheka. Wenzake wa baa, wale aliokuwa akiogopa wamcheke, ndio waliocheka zaidi. Alfons alibanwa kwenye kamba kati ya mtoto mwenye mkate wa asali na Mjapani mwenye kamera.

Ilipofika zamu ya barabara akapaza sauti. "Mama! Ndiyo! Nyoosha kwa ndiyo!"

Wa ndiyo wakanyoosha. Ottilia aliishikilia mikono yake tumboni, imetulia. Wakaulizwa wa hapana. Akageuka kumtazama mumewe usoni, akanyoosha mpaka kwapa likaonekana.

Mikono ilikaribiana, ikabidi ihesabiwe mmoja mmoja. Barabara ilianguka kwa kura mbili.

Jioni Ottilia aliutundika upanga msumarini, akapakua chakula. Alfons aliketi bila kugusa soseji, uso umemshuka.

"Njia ya mawe mimi nimeizoea," Ottilia alisema, akimsogezea haradali. Kisha akaongeza, kwa upole uleule aliosikia mezani hapo mwaka uliopita, "Nimenyoosha, Baba. Kwa ajili yako. Tumeshindwa tu."