Mali ya Marehemu

Kinyozi alikuwa ameiota kodiani, kile kinanda cha kuvutwa kifuani, miaka nenda miaka rudi. Mwishowe kaka yake, muuguzi huko ng'ambo, akamtafutia moja nzuri, akaifunga vizuri na kuituma. Sasa ilikuwa juu ya kaunta ya forodha, na ushuru aliotajiwa ulimkausha mate.

"Hakuna msamaha wowote?" aliuliza.

"Labda ingekuwa mali ya marehemu," alijibu ofisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani. "Hiyo ndugu hawailipii."

Kinyozi alitazama jina la kaka yake kwenye boksi. Tamaa ikampanda kichwani. "Basi ndiyo hii," alisema kwa sauti ya chini. "Ya kaka. Tumempoteza mwezi uliopita."

Ofisa alivua miwani. "Jamani! Pole sana, ndugu yangu. Cheti cha kifo unacho?"

"Kiko njiani."

"Na yule mama uliyekuja naye?"

"Mama yetu."

Hapo ulimi ukamponza. Mama yake alikuwa benchini karibu na mlango. Alikataa katakata kubaki nyumbani wakati mzigo wa kifunguamimba wake unatolewa. Ofisa aliposimama, kinyozi alidhani anafuata muhuri. Kumbe mtoto wa watu, na roho yake nzuri, anazunguka kaunta, anapiga magoti mbele ya mama na kumshika mikono.

"Pole, mama. Kufiwa na mtoto si mchezo. Na huko ng'ambo, mbali hivyo!"

"Mtoto gani?" Mama alimtazama ofisa, akamtazama kinyozi, kisha akapiga ukelele, ofisi nzima ikageuka.

"Yuko hai!" kinyozi alipaza sauti. "Mama, yuko hai! Nimedanganya! Nilikuwa nakwepa ushuru!"

Foleni yote ilisikia. Kinyozi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ofisa alirudi kitini, akavaa miwani yake na kuanza kuandika faini.

Alilipa ushuru wote, na faini juu yake. Mama hakuinuka mpaka mwanawe wa ng'ambo alipopigiwa simu, naye akamsikia kwa masikio yake akilalamika kuwa ameamshwa usingizini. "Umekula?" alimuuliza, akarudia, akarudia tena, machozi yakimtoka.

Kisha akamrudishia kinyozi simu yake bila kumtazama usoni.

"Hiyo ni kodiani tu," alisema. "Siku ukiagiza piano, utamuua nani?"