Faili la Kuzibia Mabusu

Kila Jumamosi, saa nane na robo mchana, Fundi wa shule alibeba projekta kutoka maabara hadi ukumbini, akaipandisha juu ya meza mbili, akachomeka waya na kupuliza vumbi kwenye lenzi. Saa nane na nusu Matroni wa bweni la wasichana aliingia na kigoda chake, akakaa upande wa kulia wa projekta, akaweka faili magotini.

"Za tangu asubuhi, Matroni?"

"Nzuri, Fundi. Waya zako hazijambo?"

"Hazijambo. Zinakusalimu."

Baada ya hapo walinyamaza mpaka saa tisa, filamu ilipoanza. Walikuwa wamenyamaza hivyo kwa miaka kumi na tisa na walikwisha kuwa mabingwa.

Shule ilikuwa na filamu sita, zote za zamani, zote nyeusi na nyeupe, zote za mapenzi. Zilifika ndani ya sanduku lililoandikwa "Kilimo cha Kisasa", na mfadhili aliyelituma hakuwahi kuuliza mavuno yalikuwaje. Katika moja, muuza kofia alimpenda mpiga piano mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia zote dukani. Katika nyingine, daktari wa meno alimpenda mgonjwa wake, kwa hiyo jino moja lilichukua dakika tisini kung'olewa. Ya sita haikuwa na gurudumu la mwisho la utepe, na mpaka leo haijulikani kama bwana harusi alifika.

Sheria ya shule ilikataza mwanafunzi kuona watu wakibusiana. Jumamosi ya kwanza kabisa, muuza kofia alipofumba macho na fidla zikaanza kupanda, Mkuu wa shule alikuwa mstari wa mbele, akipitia mafaili ya ofisi kwa mwanga wa kitambaa cha filamu kama ilivyokuwa desturi yake. Alichomoa faili moja bila kulitazama, akalipitisha nyuma.

"Ziba," alisema. "Ziba."

Mkuu alisema kila jambo mara mbili, ndiyo maana wanafunzi walimwita Mwangwi. Faili lilipita mkono kwa mkono mpaka kwa Matroni, naye akaziba lenzi. Ukumbi ukawa giza. Alihesabu kwa sauti mpaka kumi na moja, akazibua. Muuza kofia na mpiga piano walikuwa wameshaachiana na wanaangalia mlima.

Hakuna aliyelidai faili lirudi. Lilikuwa na muhuri mwekundu wa SIRI, na Matroni hakuwa mtu wa kufungua kilichoandikwa siri. Alilitunza chini ya mto wake na kulileta kila Jumamosi. Wanafunzi wa shule ile walikua wakiamini kwamba watu wawili wakipendana sana, umeme hukatika. Mmoja wao, siku ya harusi yake, alimwomba fundi wa taa ajiweke tayari.

Jambo la Matroni na Fundi lilijulikana shule nzima, mpaka kwa ng'ombe. Kanuni ya wafanyakazi ilisema kwamba wawili wakitaka kuoana sharti waombe ruhusa kwa barua. Wakioana bila ruhusa, wote wawili wanapoteza kazi na nyumba siku hiyohiyo. Matroni aliishi chumba cha mwisho cha bweni pamoja na mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa. Fundi alikuwa analea watoto wanne wa marehemu kaka yake. Kwa hiyo waliandika barua, wakaipeleka ofisini, ikafunguliwa faili. Wiki ileile faili likapotea. Kila mwanzo wa muhula Fundi alikwenda kuuliza, na kila mwanzo wa muhula Mkuu alimjibu kwa upole, "Faili halionekani. Halionekani. Subirini."

Mama yake Matroni aliamua kutosubiri. Alimwita Fundi mkwe tangu mwaka wa kwanza.

"Mkwe mtarajiwa," alimwambia kila alipokuja kurekebisha taa, "bado unatarajiwa?"

"Bado, mama."

"Basi nishikie hii sindano, natunga uzi. Macho yangu nayo yanatarajiwa."

Picha ikizuiwa isifike kwenye kitambaa, haina budi kufika mahali pengine. Mabusu yote ya miaka kumi na tisa yaliishia kwenye faili. Mwaka wa pili lilianza kuwa na joto, na Matroni akawa analiweka kwenye miguu ya mama yake wakati wa baridi. Mwaka wa saba lilianza kunukia marashi. Mwaka wa kumi na mbili fidla zilisikika ndani yake, hasa mvua ikikaribia, na wasichana wenye homa waliomba walale karibu nalo. Mwaka wa kumi na tisa mtunza bohari alilipima kwenye mizani ya unga: kilo saba na nusu. Matroni akaanza kulishika kwa mikono yote miwili, na Fundi akamtengenezea kiegemeo cha mbao ili asiumie kiwiko. Hilo ndilo lililokuwa tamko lake la mapenzi kwa mwaka ule.

Faili lilipasuka Jumamosi moja saa kumi na dakika ishirini, kwenye filamu ya muuza kofia. Matroni alikuwa amehesabu mpaka tisa. Kamba ilikatika, jalada likafunguka, mabusu yakatoka.

Yalitoka kwa mstari, la zamani mbele, kama yamezoea kengele. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa jani la mpera, rangi ya kijivu kwa kuwa filamu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Yalielea juu ya vichwa yakitafuta mahali pa kutua. Viranja walisimama milangoni kuhakikisha hakuna linalotoka bila ruhusa. Mwalimu wa hesabu alipata mawili, moja kila shavu, akaridhika na ulinganifu. Mlinzi alipata moja kwenye kofia, akaivua, akalipokea upya mahali panapostahili. Mkuu wa shule, aliyekuwa na upara, alipata thelathini na moja na hakuinua uso kutoka kwenye kazi yake.

Kwa Matroni na Fundi halikutua hata moja. Yaliwafikia, yakasimama kidogo mbele ya nyuso zao, yakapita, kama watu waliokuta mlangoni karatasi iliyoandikwa "Subiri".

Yote yalipokwisha, ndani ya faili ilibaki karatasi moja. Matroni aliutambua mwandiko. Ulikuwa wake.

"Fundi," alisema, "zima mashine."

Fundi alizima. Akaisoma barua juu ya bega la Matroni, polepole, mpaka kwenye sahihi mbili za chini.

"Kumbe nilikuwa na sahihi nzuri," alisema.

"Nimelilalia, Fundi. Miaka kumi na tisa nimelilalia."

"Lilikuwa na joto, lakini."

"Lilikuwa na joto," alikubali Matroni.

Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi, Mkuu alitangaza kwamba alama za kijivu zisihesabiwe kuwa ukiukaji wa sare, kwa kuwa hazitoki kwa sabuni. Mwanafunzi mwenye busu shavuni ahakikishe ni safi wakati wote. Kisha akawaita Matroni na Fundi ofisini.

Barua, ambayo Fundi alikuwa ameirudisha ofisini, ilikuwa mezani, imenyooshwa kwa rula. Kichwani mwa Mkuu midomo thelathini na moja ilikuwa imekaa vizuri, mingine imepandana.

"Faili limeonekana," alisema. "Limeonekana."

"Tunashukuru, Mkuu," alisema Fundi.

"Nimeisoma barua. Ni barua nzuri. Ni barua nzuri. Mnaomba kuoana Jumamosi ya kwanza ya likizo." Aliweka kidole kwenye tarehe. "Ya mwaka ule."

"Ndiyo, Mkuu."

"Mwaka ule umepita. Umepita. Siwezi kutoa ruhusa ya siku iliyopita. Nitaonekana sisomi kalenda."

"Tunaweza kufuta mwaka kwa kalamu," alisema Matroni, "tukaandika huu."

"Kugusa waraka uliokwisha kupokelewa ni kosa, Matroni. Ni kosa. Andikeni mwingine. Mimi sina ubaya na mapenzi." Alijipapasa upara, akasita, akaurudisha mkono mezani. "Mnaona wenyewe."

Waliandika barua mpya siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana, kwenye ukingo wa kitanda cha mama. Mama aliomba asomewe kwanza ya zamani, waliyorudishiwa.

"'Kwa kuwa sisi bado ni vijana,'" alisoma Matroni.

"Hiyo ruka," alisema mama.

"'Na tuna nguvu za kuitumikia shule.'"

"Mkwe, inua hicho kigoda."

Fundi alikiinua, mgongo ukalia.

"Na hiyo ruka."

"'Tunaahidi kwamba upendo wetu hautaathiri kazi.'"

Mama alifikiri. "Hiyo iacheni. Kama kuna kitu hakijaathiri kitu hapa duniani, ni huo."

Barua mpya ilikuwa na mistari minne. Ofisi iliifungulia faili la kijani, jipya, gumu, likapigwa muhuri wa SIRI. Kamba zilikuwa zimekwisha bohari, kwa hiyo mama alitoa uzi wake mwekundu wa kufumia, na Matroni akalifunga mwenyewe, kwa fundo la kipepeo. Fundi alilipeleka mpaka kwa Mkuu na kumwona akiliweka juu kabisa ya mafaili yake.

Jumamosi projekta ilikuwa mahali pake saa nane na robo. Saa nane na nusu Matroni aliingia na kigoda. Magotini hakuwa na kitu. Faili la zamani lilikuwa vipande, na mama alikuwa amevitandika chini ya shuka.

"Za tangu asubuhi, Matroni?"

"Nzuri, Fundi. Ameisoma?"

"Anasema leo. Amekuja nayo."

Mstari wa mbele, Mkuu alikuwa amekaa na mafaili magotini, kalamu mkononi. Filamu ilikuwa ya daktari wa meno. Kwa saa nzima Matroni hakutazama kitambaa. Alitazama ule upara wenye alama za kijivu, uliokuwa ukiinama na kuinuka, faili baada ya faili. Mwisho mgonjwa aliinuka kwenye kiti, akashika shavu lililovimba, akasema jambo kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, na kila mtu akaelewa. Fidla zikapanda. Matroni aliinua mikono yake, mitupu.

Wapenzi walisogeleana, wakafika umbali wa kiganja kimoja, wakasimama. Miaka kumi na tisa ilikuwa imewafundisha adabu. Walimgeukia Matroni, wakasubiri.

Mkuu hakugeuka. Alichomoa faili la juu bila kulitazama, akalipitisha nyuma.

"Ziba," alisema. "Ziba."

Faili lilikuwa la kijani, na uzi mwekundu ulionekana hata kwa mwanga ule. Mstari wa pili ulilipokea, ukaliangalia, ukalipitisha. Mstari wa tatu vilevile. Lilikwenda polepole, kwa mikono ya watoto mia mbili waliojua kila kitu, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya shule. Kiranja mkuu wa wasichana alilifikisha mwisho, akapiga goti kidogo.

"Faili lako, Mama."

Matroni aliangalia fundo la kipepeo. Halikuwa limefunguliwa. Alimwangalia Fundi, na Fundi aliangalia fundo.

"Ukimwita," alisema Fundi kwa sauti ya chini, "atasema mpango wa kazi haukumruhusu kulifungua."

"Atasema mara mbili."

Kwenye kitambaa, daktari wa meno alikohoa kwa heshima.

Matroni aliziba lenzi. Ukumbi ukawa giza tupu.

"Moja," alihesabu. "Mbili. Tatu. Nne."

Sauti ikakatika hapo.

Giza liliendelea. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, kwa mazoea, alisema "tano", akakanyagwa mguu kutoka pande tatu. Hakuna mwingine aliyesema kitu. Projekta ilisaga taratibu, fidla zikamaliza, filamu ikafika mwisho wake, na mkia wa utepe ukabaki unapiga gurudumu tap, tap, tap, kwa muda ambao mwalimu wa hesabu alikataa kuukadiria. Watu waliokaa karibu walisema faili lilikuwa limeanza kupata joto, ingawa lilikuwa la siku tano.

Kutoka mstari wa mbele ikasikika sauti ya Mkuu, ya mtu aliyeridhika.

"Hili linaziba vizuri kuliko lile. Linaziba vizuri."

Jumatatu asubuhi Fundi alivaa shati safi akaenda ofisini kuulizia barua. Mkuu alifungua kabati, akainua karatasi hizi na zile, akatazama hata chini ya kiti. Alisikitika sana. Faili halionekani, alisema. Halionekani.

Fundi alisema hakuna shida, atasubiri mpaka Jumamosi.